Ndimu ni asidi, betri ni asidi: mbona moja tunaila?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Moshi. Darasani tumeambiwa ndimu ina asidi dhaifu na betri ya gari ina asidi kali. Mwenzangu anasema ukiongeza maji mengi kwenye asidi ya betri inageuka kuwa dhaifu. Mimi sikubali, ila sijui nimjibu nini. Baba mdogo ni fundi betri, suruali zake zote zina matundu mapajani. Mama naye anakamulia samaki ndimu karibu kila siku na mikono yake haina hata doa. Tofauti hasa iko wapi? Halafu shuleni karatasi za litimasi zimekwisha, tunaweza kupima na nini nyumbani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kutomkubalia mwenzako kabla hujaelewa. Anachanganya mambo mawili: jinsi asidi inavyoachia ioni zake (chembe zenye chaji ya umeme), na kiasi cha asidi kilichomo kwenye maji. Huku Arusha ninakofundisha, wanafunzi wengi wanateleza hapo hapo, hata wale wanaojua fomula zote kwa kichwa. Ukiyatenganisha hayo mawili, mambo ya baba mdogo na ya mama yatanyooka.

Asidi ni kitu ambacho kikiingia kwenye maji kinaachia ioni za haidrojeni, H⁺. Msingi wa maelezo hayo uliwekwa na Svante Arrhenius wa Sweden, kwenye tasnifu aliyoiwasilisha Uppsala mwaka 1884. Wasahihishaji hawakuvutiwa nayo, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa nadharia iliyotokana na kazi hiyo hiyo. Uchachu wa ukwaju na maziwa ya mgando, litimasi ya bluu kugeuka nyekundu, magadi kutoa povu yakikutana na siki, yote hayo ni kazi ya H⁺. Baadaye utasoma kwamba H⁺ haikai peke yake majini, inajishikiza kwenye molekuli ya maji na kuwa H₃O⁺. Ni kweli, lakini kwa swali lako H⁺ inatosha.

Tuanze na ukali. Chukua asidi haidrokloriki, HCl. Ukiiyeyusha kwenye maji, molekuli zake karibu zote zinavunjika: H⁺ huku, Cl⁻ kule. Asidi ya namna hiyo ndiyo kali. Asidi ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, haifanyi hivyo. Tengeneza mmumunyo wake wa 0.1 M (M ni moli kwa lita), na wakati wowote utakaouchunguza utakuta katika kila molekuli 100 ni moja na ushei tu iliyoachia H⁺. Zilizobaki ziko nzima. Wala si kwamba ni ile ile moja siku zote. Hii inaachia, inairudisha, nyingine inaachia, bila kusimama. Hiyo ndiyo asidi dhaifu. Asidi sitriki ya ndimu imo kundi hilo, ingawa molekuli yake ina haidrojeni tatu za kutoa. Asidi salfuriki ya betri ina mbili: ya kwanza inatoka yote, ya pili kwa sehemu.

Tabia hiyo imo ndani ya molekuli yenyewe, kwenye jinsi haidrojeni ilivyoshikwa. Maji hayana uwezo wa kuifanya HCl ishike haidrojeni yake kama ethanoiki inavyoshika ya kwake. Mwambie mwenzako hivyo, kisha mwongezee hili: kwa asidi dhaifu, maji yanafanya kinyume kabisa na anavyodhani. Ile ethanoiki ya 0.1 M ukiizimua kwa maji hadi ifike 0.01 M, molekuli zilizoachia H⁺ zinapanda kutoka moja na ushei hadi kama nne katika kila 100. Idadi ya H⁺ kwenye kila mililita inapungua, ndiyo, kwa sababu asidi imetawanywa kwenye maji mengi. Lakini sehemu ya molekuli zilizovunjika imeongezeka.

Kukolea ni habari nyingine. Hapo tunauliza asidi kiasi gani imo ndani ya lita. Asidi ya betri iliyojaa chaji (nasema asidi yenyewe, si yale maji safi ya kuongezea) ina asidi salfuriki ya kama asilimia 35 hadi 37 kwa uzito. Lita moja inabeba zaidi ya gramu 400. Maji ya ndimu yana asidi sitriki ya kama gramu 50 kwa lita, na hiyo asidi sitriki inabania haidrojeni zake. Kwa hiyo betri inaishinda ndimu mara mbili: asidi yake ni kali, na imekolea. Ukilinganisha idadi ya H⁺, betri inaizidi ndimu mara mamia.

Kipimo cha pH kinahesabu H⁺ zilizo huru kwa wakati huo, basi. Alikitunga Mdenmark Søren Sørensen mwaka 1909, akiwa kwenye maabara ya Carlsberg huko Copenhagen. Kila ukishuka namba moja, H⁺ zimeongezeka mara kumi. Ndimu iko kwenye 2 na kidogo. Maziwa ya mgando yako kwenye 4 na kitu, hivyo kati yake na ndimu kuna tofauti ya zaidi ya mara 100, si mara mbili kama wengi wanavyosoma hizo namba. Mvua safi iko kwenye 5.6 kwa sababu ya hewa ukaa inayoyeyuka ndani yake. Upande wa pili, ule wa besi (vitu vinavyomaliza asidi; vikiyeyuka majini huitwa alkali), maji ya Ziwa Natron yanapita 10, na huko ndiko yanakotoka magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive haraka.

Sasa hapa ndipo penye utamu wa somo, na ndipo mtihani unapopenda kukutega. Kuna asidi kali ambayo haijakolea, na asidi dhaifu iliyokolea kupita kiasi. Ya kwanza unayo tumboni sasa hivi: ni HCl, asidi kali isiyo na ubishi, ila imezimuliwa, na ukuta wa tumbo unalindwa na ute mzito. Unatembea nayo kutwa. Ya pili ni asidi ethanoiki tupu, isiyo na maji, inayokaa kwenye chupa kabatini maabara. Ni asidi ile ile ya siki ya kwenye kachumbari, ni dhaifu vile vile, lakini ikikumwagikia mkononi inaunguza ngozi na kutoa malengelenge. Anayesema asidi dhaifu haiunguzi hajawahi kuishika chupa hiyo bila glavu.

Mfano mzito zaidi ni asidi haidrofloriki, HF. Kwenye orodha ya asidi dhaifu ipo. Hata hivyo inakula kioo, na ikigusa ngozi inazama ndani, inakamata kalisi ya mwili na inaweza kuua mtu. Kwa hiyo usiandike popote kwamba dhaifu maana yake ni salama. Na kwa kuwa nimetaja asidi yenye florini, nijibu kabisa swali ambalo huku Arusha naulizwa mara kwa mara: maji yanayopaka meno rangi ya kahawia kule Maji ya Chai na vijiji vingine vya Arumeru hayana asidi. Tatizo ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na maji yenye floraidi nyingi huku kwetu kwa kawaida yako upande wa alkali. Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi ya kupunguza floraidi hiyo kwa kuyapitisha maji kwenye chenga za mifupa iliyochomwa. Ndimu haisaidii kitu hapo.

Turudi kwa baba mdogo. Tone la asidi likiruka kutoka kwenye betri halitoboi suruali papo hapo. Mara nyingi hata halionekani. Maji yaliyomo kwenye tone yanakauka, lakini asidi salfuriki haipai na mvuke kama siki. Inabaki kwenye uzi, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kukolea. Kilichoanza na asilimia 35 kinakuwa kimekolea kuliko kilichokuwa ndani ya betri. Suruali ya pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya sukari iliyoungana, na asidi inaikata minyororo hiyo kipande kwa kipande. Ikishakolea sana inanyonya hadi haidrojeni na oksijeni za selulosi kwa uwiano wa maji, inabaki kaboni. Ukitazama utaona doa hafifu la kahawia na kitambaa bado kizima. Suruali ikifuliwa, ikasuguliwa na kukamuliwa, zile nyuzi zilizokatika zinaachia na tundu linajitokeza. Mwambie akihisi tone limeruka asisubiri jioni: amwagie maji mengi pale pale. Poliesta inastahimili asidi hiyo kuliko pamba, hivyo kwa kazi yake suruali ya poliesta na aproni ya mpira ni bora.

Kwa mama, vitu vitatu vinamlinda. Asidi ya ndimu ni dhaifu, kiasi ni kidogo, na tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa zilizojaa keratini, ambayo haisumbuliwi kirahisi. Tena ananawa muda si mrefu. Lakini mwangalie siku akiwa na mkato kidoleni, utamsikia. Na mtazame samaki mwenyewe, maana huyo hana ulinzi huo. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu akikatwa, nyama yake inang'aa, unakaribia kuona ndani. Ikilowa ndimu kwa dakika chache, juu inageuka nyeupe na ngumu kama iliyopitiwa na moto. H⁺ zimevuruga mikunjo ya protini, ilhali jiko halijawashwa. Vumba nalo linapungua, kwa sababu baadhi ya vitu vinavyonuka kwenye samaki ni besi, na asidi inavigeuza kuwa chumvi zisizopaa hewani.

Mahali pa kuogopea ndimu ni kwenye meno. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na ndimu iko chini kabisa ya hapo. Nimeona mabinti wengi wanaonyonya ndimu na chumvi kila mchana shuleni. Kama huwezi kuacha, sukutua kwa maji, na usipige mswaki papo hapo, kwa sababu enameli iliyolainika inasuguliwa na kuondoka.

Mwalimu wako akiwa na vifaa, mwombe akufanyieni jaribio hili, maana linafundisha kuliko kurasa zangu. Neli mbili za majaribio. Moja HCl, nyingine asidi ethanoiki, zote za 1 M na mililita sawa. Kwenye kila neli tia kipande cha utepe wa magnesiamu, vya urefu mmoja. Kwenye HCl povu linapanda kwa fujo, neli inapata joto mkononi, na utepe unaisha upesi. Kwenye ethanoiki viputo vinatoka kwa utulivu na utepe unakawia. Hapo umeuona ukali kwa macho. Lakini subiri hadi mwisho na ukusanye gesi: kama asidi ni ya kutosha kumaliza utepe, haidrojeni inayopatikana ni sawa kwenye neli zote mbili. Dhaifu imechelewa tu kufika.

Kisha mje kwenye bureti, ile neli ndefu yenye vipimo ya kudondoshea. Sentimita za ujazo 25 za HCl ya 0.1 M zinahitaji sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M ili kumaliza asidi yote. Ethanoiki ya 0.1 M, kiasi kile kile, inahitaji ngapi? Wengi wanabahatisha kwamba itahitaji kidogo, kwa kuwa H⁺ zake ni chache. Inahitaji 25 zile zile. Kila H⁺ iliyo huru ikichukuliwa na OH⁻ ya sodiamu haidroksaidi, molekuli nyingine inaachia ya kwake kujaza pengo, hadi zote ziishe. Bureti inahesabu asidi yote iliyomo, zilizoachia na ambazo hazijaachia. Karatasi ya pH inahesabu zilizo huru peke yake. Ukilishika hilo, sura hii ya kitabu umeimaliza. Angalizo moja la maabara: kwa ethanoiki kiashiria cha rangi kiwe fenolfthalini, si methili oranji, la sivyo rangi itageuka mapema na hesabu itakosewa.

Kabla ya kukuambia cha kufanya nyumbani, sikiliza kwa makini. Asidi ya betri usiichezee, hata kama fundi ni baba yako mdogo na anakuamini. Tone moja jichoni linaweza kukutia upofu. Anayelazimika kuizimua anamimina asidi kwenye maji, polepole, akikoroga. Akimimina maji kwenye asidi iliyokolea, joto linalotoka linachemsha maji yale ya juu papo hapo na kurusha asidi usoni. Ikimgusa mtu, ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, nguo zilizolowa zivuliwe, kisha hospitali. Asipakwe magadi wala limau wala dawa ya meno. Magadi kwenye asidi yanazalisha joto juu ya jeraha. Magadi ni ya kumwagia sakafuni palipomwagika. Na betri ikiwa kwenye chaji inatoa haidrojeni, kwa hiyo hakuna sigara wala cheche karibu yake.

Sasa litimasi. Nenda soko la Mbuyuni ununue choya kavu, wengine wanaiita rozela, ile nyekundu ya kutengenezea juisi. Loweka konzi moja kwenye kikombe cha maji ya moto kwa dakika kumi, chuja, acha ipoe. Wengi wanakwama hapa: choya yenyewe ina asidi, hivyo maji yake yanatoka yakiwa mekundu tayari, na ukitia ndimu huoni badiliko. Yeyusha magadi kidogo sana kwenye maji, uyadondoshee polepole kwenye maji ya choya hadi rangi iache wekundu na iwe zambarau. Simama hapo. Hiyo ndiyo litimasi yako. Ikikutana na asidi inarudi nyekundu; ikikutana na besi inaelekea bluu, kisha kijani. Itumie siku hiyo hiyo, haikai.

Ukikosa choya, binzari ya manjano inafaa kwa kazi nusu. Paka rojo lake kwenye karatasi nyeupe, likauke. Maji ya sabuni ya mche yakidondoka juu yake panageuka pekundu mbivu, sawa na doa la mchuzi kwenye shati jeupe linavyogeuka ukilipaka sabuni. Kwa asidi haionyeshi kitu, inabaki njano vile vile. Kwa hiyo inakutambulia besi tu.

Na kama unataka kummaliza mwenzako kwa hoja, fanyeni hili pamoja. Nunueni bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, bila sindano. Yeyusheni kijiko cha chai cha magadi yaliyosagwa kwenye glasi ya maji na mchuje. Glasi A iwe na kijiko kimoja cha chai cha siki peke yake. Glasi B iwe na kijiko kimoja cha siki na vijiko tisa vya maji. Tieni kila moja kiasi sawa cha maji ya choya. Kwa kuwa siki ina asidi, zote zitakuwa nyekundu, B ikiwa imepauka. Kisha dondosheni maji ya magadi kwenye A, taratibu, mkitikisa hadi povu litulie kila mara, na mwandike mililita zilizotumika wekundu ulipoisha na zambarau ilipojitokeza. Rudieni kwa B. Kwa nadharia ya mwenzako, B ingetosheka na magadi kidogo. Mtakuta namba mbili zinazokaribiana sana, kwa sababu vile vijiko tisa vya maji havikuondoa hata molekuli moja ya asidi.